Amekamatwa Wete kwa sheria ya Muungano: shauri la haki lifunguliwe wapi?

Mwanafunzi wa Tunguu anauliza:

Asalaam alaykum. Chukulieni mtu amekamatwa Wete, Pemba, kwa tuhuma za Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Kalazwa kituoni siku tatu, kisha kavukishwa hadi Dar es Salaam bila ya kuonyeshwa hakimu. Jamaa zake wanataka kudai haki zake za msingi. Waende Mahakama Kuu ya Zanzibar au ya Bara? Washike Katiba ya Zanzibar ya 1984 au ya Muungano ya 1977? Nimesikia hoja mbili zinazopingana, na kila upande una vifungu vyake.

Wakili wa Chake Chake:

Wa alaykum salaam. Kwanza itoe ile fikra kwamba sheria ikiwa ya Muungano basi mahakama ya Zanzibar haina la kusema. Ni kweli ulinzi na usalama, polisi, na mamlaka ya hali ya hatari yote yamo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano, yaani orodha ya mambo ya Muungano. Lakini soma Ibara ya 115(2): sheria ya Bunge inayotumika Bara na Zanzibar ikiipa Mahakama Kuu madaraka, Mahakama Kuu ya Zanzibar nayo huyatumia sambamba na ile ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 30(3), ambayo ndiyo mlango wa mashauri ya haki, nayo inataja "Mahakama Kuu" tu, bila ya kusema ni ya upande gani.

Kabla ya kuandika mstari mmoja, hakikisha sheria yenyewe imefika Zanzibar. Ibara ya 64(4) inataka itamke wazi kwamba inatumika Bara na vile vile Zanzibar, au iwe inabadilisha sheria ambayo tayari inatumika huku, na katika hali zote mbili iwe juu ya jambo la Muungano. Kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar kinaongeza sharti ambalo mawakili wengi hulipita: waziri anayehusika aiwasilishe sheria hiyo mbele ya Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo fungua kifungu cha matumizi, ambacho kwa kawaida kipo ukurasa wa kwanza, kisha katafute kumbukumbu rasmi za Baraza uone kama iliwasilishwa. Haya ni mambo mawili, na la kwanza halithibitishi la pili.

Halafu tenganisha madai. Kumshikilia mtu siku tatu ni kitendo cha polisi. Kusema sheria ni batili ni jambo jengine. La mwanzo linakwenda kwa maombi ya dharura ya kuamuru mtu afikishwe mahakamani. La pili ni shauri la kikatiba, na huchukua muda. Ukiyatia yote katika karatasi moja, upande wa Serikali utaleta pingamizi la awali kwamba kuna njia nyengine ya kupata nafuu, na mtu wako atabaki ndani mkibishana juu ya karatasi.

Mhadhiri wa katiba, Mjini:

Nakubaliana na wakili kwa mengi, lakini mimi nisingeiacha Katiba ya Zanzibar pembeni hivyo. Linganisha maneno. Ibara ya 30(2) ya Muungano inaorodhesha maslahi yanayoruhusu sheria kubana haki, na ulinzi na usalama wa jamii umo. Kifungu cha 24 cha Zanzibar kinataka mpaka uwe wa lazima na unaokubalika katika mfumo wa kidemokrasia. Huo mzigo ni mzito zaidi, na unambebesha yule anayebana haki. Kifungu cha 4 nacho kinasema sheria inayopingana na Katiba ya Zanzibar ni batili kwa kiasi cha huko kupingana.

Upande wa Serikali watakujibu kwa kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, ambapo Mahakama ya Rufani mwaka 2000 ilisema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) kwa kuwa dola kamili ni Jamhuri ya Muungano. Kesi ile ilihusu nani anaweza kutendewa kosa la uhaini. Haikusema kwamba mtu akiguswa na chombo cha Muungano huvuliwa haki za Sura ya Tatu ya Katiba ya Zanzibar akiwa Wete. Anayeitumia hivyo anaivuta isikofika.

Hatari ya njia yangu iko kwenye rufaa, na lazima mteja aambiwe mapema. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina uwezo wa kutafsiri Katiba ya Zanzibar. Ukitaja katiba zote mbili katika hoja moja, hukumu ikitoka hujui uipeleke wapi. Weka hoja za kila katiba katika sehemu yake, na katika maombi andika "Ibara" kwa ya Muungano na "kifungu" kwa ya Zanzibar, usichanganye.

Kama shauri litakwenda kwa Katiba ya Muungano, silaha zako ni kesi za Daudi Pete na Kukutia Ole Pumbun: sheria inayobana haki isiwe ya kiholela, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane zaidi ya kinachohitajika.

Mtayarishaji wa nyaraka:

Nchi nzima mashauri haya hufa kwenye hati ya kiapo, yaani ushahidi wa maandishi ulioapwa, kabla ya kufika kwenye katiba. Tarehe na mahali pa kuapia visipoandikwa pale chini, hati inatupwa. Shangazi akiapa kwamba "polisi walimpiga", naye aliambiwa na jirani, aya hiyo itafutwa. Aandike nani kamwambia na lini, au jirani aape mwenyewe.

Upande wa Bara kuna jambo zaidi. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ilivyorekebishwa 2020, ilitaka hati ya kiapo ionyeshe vipi mlalamikaji *mwenyewe* ameguswa. Kwa hiyo jamaa peke yao huenda wasitoshe. Kamishna wa viapo aende rumande, mshikiliwa aape huko huko.

Saa 24 za kumfikisha mshikiliwa mahakamani zihesabiwe tangu alipokamatwa Wete, si tangu aliposhuka bandarini Dar. Tafuteni anayeijua saa yenyewe: sheha, mwenye duka, aliyepeleka chakula kituoni.

Mwanafunzi wa Tunguu:

Ahsanteni sana. Kwa kuwa yuko Dar sasa, maombi ya kumfikisha mahakamani yaanzie wapi?

Wakili wa Chake Chake:

Dar. Amri ya kumleta mtu humfunga yule anayemshikilia, naye yuko Bara. Waunganisheni kama wajibu maombi Mkuu wa Jeshi la Polisi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Muungano, si wa Zanzibar. Shauri la uhalali wa sheria na yaliyofanyika Wete lifunguliwe Zanzibar.

Na mkiomba sheria itamkwe batili, kumbukeni Ibara ya 30(5): mahakama inaweza kuipa Serikali muda wa kurekebisha badala ya kuifuta. Ombeni kwa uwazi amri ya kumlinda huyu mmoja katika muda huo. Msipoiomba, hamtapewa.