Mafunzo ya kula kwa utulivu kwa stafu wa kliniki, nianzie wapi?

nesi_tudor:
Hamjambo wapendwa. Mimi ni nesi kliniki ya sukari hapa Mombasa, naomba msaada wenu. Wagonjwa wetu wengi si kwamba hawajui wale nini, karatasi ya lishe washapewa mpaka wameihifadhi, lakini ukikaa na mtu mkaongea polepole ndo anakwambia usiku watu wakilala anaingia jikoni anamaliza mahamri yaliyobaki, njaa hana wala ladha haisikii, alafu anakaa analia. Sasa incharji ameniambia niandae trening ya stafu kuhusu maindifulnesi kwenye kula, yaani kula kwa utulivu mtu akili yake iko pale pale kwenye chakula, manake kuwafokea wagonjwa hakujasaidia kitu. Nianzie wapi? Na kuna wenzangu washaanza kusema ati hiyo ni ibada ya watu wa dini nyengine.

mshauri_nasaha_msa:
Dadangu umeleta jambo zuri sana. Anza na stafu wenyewe, wagonjwa baadaye. Kuna profesa Jean Kristeller wa Marekani, yeye ndo alitengeneza programu ya MB-EAT ya kufundisha kula kwa utulivu, mwaka 1999 alitoa matokeo ya wanawake 18 waliokuwa wakila kupita kiasi bila kuweza kujizuia na hali ile ikapungua sana. Msingi umetoka kwa Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo yake hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 kwa wagonjwa wa maumivu na stresi, kozi ya wiki 8, na hakuna anayeulizwa dini yake pale. Ila mwalimu hutakiwa awe anafanya mazoezi mwenyewe, na hapa ndo trening nyingi huharibika, watu wanaonyeshwa slaidi siku nzima alafu wanapewa cheti.

Kwenye zoezi la kula polepole wao hutumia zabibu kavu, wewe tumia tende. Gawa moja moja, simu mbali. Waishike, waitazame ile mikunjo, wainuse, waiweke ulimini bila kutafuna wasikie mate yanavyojaa, ndo waanze kutafuna polepole mpaka utamu ufifie. Alafu waulize, ingekuja ya pili ungeitaka kweli au mkono tu ungeenda? Nesi aliyezoea kumeza chapati wima huku anajaza faili atashtuka, wallahi, na akishashtuka yeye ataongea na mgonjwa kwa sauti nyengine kabisa.

Baada ya hapo waketi wawili wawili, mmoja awe mgonjwa. Neno "jikaze" marufuku. Aulize tu, kabla hujaenda jikoni ulikuwa wahisi nini, na njaa ya tumbo ilikuwa ngapi kutoka 1 mpaka 10? Alafu anyamaze asikilize. Kunyamaza ndo kugumu.

mtu_wa_lishe:
Naunga mkono lakini tafadhali hili lisikosekane. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akiamka usiku anatetemeka na jasho linamtoka, hiyo si njaa ya mawazo, apime haraka, na sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L ale kitu cha sukari hapo hapo, mambo ya kuvuta pumzi baadaye. Na wanaojitapisha au kunywa dawa za kuharisha baada ya kula wapelekwe kwa watu wa afya ya akili, msibaki nao nyinyi. Pia msiahidi kupungua kilo, kinachopungua zaidi ni kule kula kwa fujo.

mama_likoni:
Mimi nimekuwa upande wa pili wa meza. Aibu ilikuwa kubwa kuliko mwili. Yule dada aliyenisaidia aliniuliza jana usiku ilikuwaje kabla hata hajanipandisha kwenye mizani, nikaongea mambo ambayo mume wangu hayajui. Wafundisheni wenzenu hilo kwanza.

ustadh_kisauni:
Kuhusu ibada, wakumbushe tu mafunzo ya Mtume (s.a.w.), theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi, na kuketi ukala kwa bismillahi. Hapana kigeni hapo.

nesi_tudor:
Mashaallah, Mungu awalipe nyote. Incharji amenipa nusu saa Ijumaa mchana, yatosha?

mshauri_nasaha_msa:
Mchana wenzako wataenda swala, na nusu saa ni ya tende peke yake. Muombe asubuhi kabla kliniki haijafunguliwa, kila wiki, japo dakika chache. Zile za wawili wawili mziweke wiki inayofuata.