Tupeane uzoefu: ni nini kilichotangulia kabla ya kiharusi?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, nawaomba mliougua au kuuguza kiharusi mtusimulie, si ile siku ya kuanguka pekee, bali miaka iliyoitangulia. Tumezoea kukieleza kiharusi kama ajali, ilhali kwa wagonjwa wengi chanzo chake kilikwisha kuwamo mwilini muda mrefu. Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, jambo ambalo ndilo chanzo katika visa vilivyo vingi, ama kwa sababu mshipa umepasuka na damu ikavuja.

Nianze na marehemu baba yangu. Presha yake iligunduliwa alipopimwa kwa jambo jingine kabisa. Alipewa vidonge, akavimeza mpaka kipimo kikashuka, kisha akaviacha akiamini kwamba amepona. Hakuumwa kichwa wala hakupata kizunguzungu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye. Lakini presha inayofikia 140 kwa 90 na kuendelea huziumiza kuta za mishipa, mwenyewe aihisi asiihisi: mishipa mikubwa hukakamaa na kujijenga utando wa mafuta, na ile midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo hudhoofika. Kwa baba ni huo mdogo uliopasuka. Daktari alitufafanulia baadaye kwamba kipimo kilishuka kwa sababu dawa ilikuwa ikifanya kazi, si kwa sababu ugonjwa umekwisha. Ninaumia kila nikikumbuka kwamba maneno hayo hakuambiwa siku alipokabidhiwa vidonge.

Mchangiaji wa pili

Pole sana, ndugu yangu. Kwa mama yangu presha haikuwa kubwa. Tatizo lilikuwa moyo. Alikuwa akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, unasita, kisha unakimbia tena, nasi wanawe tukadhani ni uchovu wa umri. Kumbe vyumba vya juu vya moyo wake vilikuwa vikitetemeka badala ya kusukuma damu sawasawa, na damu inayotuama humo huganda. Bonge likimeguka, huweza kusafirishwa na damu hadi kwenye ubongo. Tuliambiwa kwamba hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, na kwamba zipo dawa za kuzuia damu kuganda ambazo hupunguza sana hatari hiyo zikianzwa mapema. Mwenye mzazi mzee amshike kifundo cha mkono ayasikilize mapigo. Yakiwa hayana mpangilio, ampeleke akapimwe umeme wa moyo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nina swali kwa wote. Shemeji yangu alianguka mara tu baada ya ugomvi mkali, na ukoo mzima unasema hasira ndiyo iliyomwangusha. Je, ni kweli?

Mwanzisha mada

Hasira kali hupandisha presha kwa ghafla na huweza kuwa kichocheo cha mwisho, ila ni nadra kuangusha mtu ambaye mishipa yake haikuwa imeharibika tayari. Utafiti wa INTERSTROKE, uliofanyika katika nchi 32 na kuchapishwa mwaka 2016, ulihusisha takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi na mambo kumi yanayoweza kurekebishwa. Msongo wa mawazo umo, lakini presha peke yake ilibeba karibu nusu. Mengine ni uvutaji wa sigara, kisukari, lehemu (kolesteroli) katika damu, unene wa tumbo, ulaji mbaya, kutoushughulisha mwili, pombe na maradhi ya moyo. Kwa hiyo ningeuliza kwanza: shemeji alipimwa presha lini mara ya mwisho kabla ya ugomvi huo?

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa na kisukari na nilikuwa mvutaji wa sigara. Asubuhi moja mkono wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakawa hayatoki sawasawa. Baada ya dakika chache yote yakapita, nikawa mzima kama kwamba hapakuwa na kitu. Mke wangu alikataa katakata kulala na jambo hilo, tukaenda hospitali siku hiyohiyo. Picha ya mishipa ya shingo ilionyesha kwamba mmoja umezibika kwa sehemu kubwa, nikafanyiwa upasuaji wa kuusafisha. Nawasihi msiidharau dalili inayopita yenyewe, kwa maana kiharusi kamili huweza kuifuata ndani ya siku chache tu, na huo ndio muda ambao bado kinaweza kuzuiwa. Sigara niliiacha. Huongeza hatari takriban maradufu, na hatari hiyo huanza kushuka mtu anapoacha.

Mchangiaji wa tano

Tusidhani ni ugonjwa wa wazee tu. Mwanangu ana seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na watoto wa aina yake hupata kiharusi kwa sababu mishipa ya ubongo hubanika pole pole. Hupimwa kasi ya damu kichwani kila mwaka. Ilipoonekana imezidi, akaanza kuongezewa damu kwa ratiba maalumu.

Mchangiaji wa sita

Dada yangu alipatwa na kiharusi siku chache baada ya kujifungua. Miguu na uso vilikuwa vimevimba, kichwa kilimuuma kupita kiasi, na ilikuwa dhahiri baadaye kwamba ni presha ya ujauzito iliyoendelea hata baada ya mtoto kuzaliwa. Amepata nafuu kubwa. Mwanamke aliyewahi kuwa na tatizo hilo hubaki na hatari kubwa zaidi ya presha na kiharusi kwa miaka mingi, hivyo dada humweleza jambo hilo kila daktari mpya anayemhudumia, hata kama amekwenda kutibiwa jino.