Fundi, kile kilango cha bomba ulichosema ni cha "kutunza kuni" kidogo kituue wote!

Wakuu salaam. Leo sijaja na maneno matamu, natanguliza hilo ili mwenye roho nyepesi apite uzi mwingine.

Wiki tatu zilizopita niliingiza ndani jiko la kuni la chuma, lile la mfano wa sanduku: mlango mbele, sehemu mbili za kubandikia sufuria juu, droo ya majivu chini, na bomba la kutolea moshi nyuma. Zito, limenyooka, lina sura. Aliyeniuzia ndiye aliyelichomelea kwa mikono yake na ndiye aliyekuja kulifunga. Maelezo aliyonipa nayakumbuka yote kwa sababu hayakujaza kiganja: "Hapa unatia kuni. Hapa unatoa majivu. Na hiki kilango cha kwenye bomba, moto ukishakolea unakifunga, kuni zinakaa mpaka asubuhi." Akahesabu hela yake mara mbili, akasema jiko hili halina moshi, akaondoka.

Halina moshi. Jamani!

Jioni ya kwanza nilipowasha, moshi ulianzia mlangoni, ukaja kwenye kingo za sahani za juu, ukamalizia kwenye maungio ya bomba. Kila tundu la jiko lilitoa moshi isipokuwa lile la kwenda juu. Macho yanawaka, watoto wanakohoa, mimi nimepiga magoti napuliza mpaka naona nyota. Mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea, akachungulia akasema, "Hizi kuni zinalia." Nikamwambia mama, hili ni jiko la kisasa. Nilikuwa mjinga. Zilikuwa zinalia kweli: tsssss, na kwenye ncha zilizokatwa povu linachemka na kudondoka. Kuni zilizotoka kukatwa, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto wote unaishia kuyachemsha, halafu kinachobaki ndiyo moshi ule mzito wa kijivu. Kuni ya kupikia inatakiwa unyevu wake uwe chini ya asilimia 20, nayo haifiki hapo kwa kuanikwa siku mbili juani. Ipasuliwe, ipangwe mahali penye paa lakini upepo unapita, ikae miezi sita na zaidi. Miti mingine migumu inataka mwaka, hata miwili. Ukigonga vipande viwili kavu vinalia "ko!" kama vijiti vya ngoma, vibichi vinatoa mlio wa kufa, "bu".

Hayo yote fundi wangu aliyaacha wapi? Nilipompigia alijibu hivi: "Jiko jipya, bosi, bado linazoea." Linazoea nini? Limeanza shule?

Siku ya pili jirani akanipa dawa yake. Mafuta ya taa kidogo tu, anasema, linashika chap. Na hapa najilaumu na mwenyewe. Moto ulikuwa umezimika, au nilidhani umezimika, nikafungua mlango nikamwagia. Ukatoka mvuke mweupe, laini, hauna hata haraka. Nikabaki nautazama. Chini ya majivu palikuwa na kaa moja jekundu la ukubwa wa kidole gumba. Sikusikia mlio, nilisikia joto tu, halafu harufu ya nywele, ambazo zilikuwa nyusi zangu. Kidumu bado nilikuwa nimekishika mkononi, wakuu. Kingeshika kile, uzi huu angeufungua mtu mwingine. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuniandikia hapa chini "weka petroli kijiko kimoja", nakuomba kwa heshima zote ukae kimya. Petroli inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Unamwaga kijiko, unawasha chumba.

Sasa tuje kwenye kilichonileta.

Siku ya tano nilikuwa nimeshapata kuni afadhali, nikaona jiko limekubali. Usiku tukamaliza kupika, tanuru limejaa makaa mekundu hayana ulimi wa moto wala moshi, mazuri kuyatazama. Nikakumbuka somo la fundi. Nikafunga kilango cha bomba kabisa, nikafunga na kitundu cha hewa cha mlangoni, madirisha nayo tukafunga kwa ajili ya baridi. Tukakaa pale pale tunaongea.

Baada ya kama saa moja mke wangu akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni uchovu. Mtoto mdogo akatapika, tukasema atakuwa amekula kitu. Mimi nikasimama kwenda kuchukua kitambaa, miguu ikawa si yangu, nikashika ukuta. Hakuna moshi. Hakuna harufu. Chumba kisafi kabisa, joto tamu. Mama ndiye aliyefungua mlango wa nje, na hakuufungua kwa sababu alijua kitu, alisema tu anataka hewa. Tukatoka naye kumpepea mtoto, na huko nje, taratibu, vichwa vikaanza kuachia. Mtoto akaacha kutapika. Tuliporudi ndani dakika chache, vikaanza upya.

Zahanati walitusikiliza mpaka mwisho, kisha muuguzi akauliza swali moja: "Mnapikia nini?" Swali hilo ndilo fundi alitakiwa kulijibu wiki moja kabla.

Makaa mekundu yakikosa hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Inaingia kwenye damu na kung'ang'ania pale oksijeni inapotakiwa kukaa, tena inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake zinafanana na homa au sumu ya chakula: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi. Ukiwa umelala hupati hata nafasi ya kulalamika kichwa. Na njia pekee ya kuitoa kwenye jiko ni lile bomba, ambalo mimi nililifunga kwa mkono wangu, kwa maelekezo ya mtu niliyemlipa.

Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa inatoka kwenye majiko na mioto ya kupikia. Nikajiambia hao ni wa moto wa wazi, mimi nina bomba. Bomba lililozibwa ni pambo, wakuu.

Nikampigia. Unajua alijibu nini? "Sasa kwa nini ulifunga lote?" Eti lote! Ulisema robo? Ulisema nusu? Kilango kile kinapunguzwa moto ukiwa umetulia, hakifungwi kukiwa na kaa hata moja linalong'aa. Na jiko lililotengenezwa kwa akili, kilango chake kinakatwa kipande au kutobolewa tundu ili hata mjinga kama mimi akifunga, pabaki pa kupumulia. Langu ni sahani nzima, duara, imekaa kwenye bomba kama mfuniko. Nimeshakitoa. Nacheza na kitundu cha mlangoni tu, na usiku siongezi kuni, nasubiri makaa yaishe ndipo nilale. Nimenunua na king'ora cha kunusa hiyo gesi, nimekifunga ukutani mbali kidogo na jiko, ndicho kitu cha kwanza ninachokiangalia nikiamka.

Mtu mwingine, mtaratibu, anayeelewa mambo ya mabomba, nilimwita aje alitazame jiko. Hata hakuligusa kwanza. Alitoka nje akatazama juu ya nyumba, akacheka kwa huzuni. Bomba langu limepindishwa kona mbili za mraba, likalala mlalo karibu mita moja na nusu, halafu linatokea chini ya ukingo wa paa. Chini ya ukingo wa paa! Moshi unapanda kwa sababu ni wa moto na mwepesi, ukiulaza unapoa, ukipoa unakosa nguvu, na upepo kidogo unaurudisha jikoni kwako. Akanieleza kanuni inayotumika Marekani: bomba lipite juu ya paa karibu sentimita 90 pale linapotokea, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu. Langu halijavuka hata vigae.

Kisha akaweka kiganja kati ya bomba na ukuta wa mbao. Vidole vinne. Bomba la ngozi moja, yaani bati moja tu lisilo na tabaka la pili, linatakiwa likae karibu sentimita 46 kutoka kwenye kitu kinachoweza kushika moto, au pawe na ngao ya bati iliyoachiwa nafasi ya hewa nyuma yake. Ubao wangu ulikuwa umeshaanza kugeuka rangi, kahawia ya ukoko, mstari mrefu unaofuata bomba. Mbao zikipashwa hivyo kila siku zinakauka mpaka zinashika kwa joto dogo kuliko mwanzo. Nilikuwa nimeuona ule mstari. Nikasema ni moshi, nitapaka rangi.

Akafungua ile kona ya kwanza akagonga. Wiki mbili na ushei tu za kuni mbichi, ikatoka masizi nusu ndoo, mengine meusi yanang'aa kama lami iliyoganda. Hiyo ndiyo kreosoti. Inagandia bombani moshi wenye maji ukipoa, na siku ikiwaka humo ndani joto linapita nyuzi 1000 na bomba linanguruma. Likifikia hapo unafunga hewa ya jiko, unatoa watu nje, unaita zimamoto. Hupandi juu ya paa na ndoo. Wala maji hayamwagwi kwenye jiko la moto, chuma cha kusubu kinapasuka na mvuke unakuunguza usoni.

Kuwasha kwenyewe alinionyesha kwa dakika kumi, na sijapuliza tangu siku hiyo. Anafungua vitundu vyote vya hewa. Anawasha gazeti moja lililokunjwa, analishika karibu na mdomo wa bomba mpaka lianze kuvuta, maana bomba baridi limejaa hewa nzito na hiyo ndiyo inayokusukumia moshi usoni. Kisha kuni nene mbili tatu chini, zimeachana, juu yake vipande vyembamba, juu kabisa vibanzi na maranda makavu, na anawasha juu. Juu, sio chini! Moto unashuka taratibu, na moshi wa kuni za chini unalazimika kupita kwenye ulimi wa moto na kuungua humo humo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama. Akasema, "Huyu kafundwa." Mlango akitaka kuongeza kuni anaufungua ufa kwanza, anahesabu kidogo, ndipo anaufungua wote. Kuni zenye rangi au zilizowekwa dawa ya mchwa akazitupa nje zote, na zilikuwa nyingi, kwa sababu ndizo kavu nilizokuwa nazo. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Tulikuwa tunapikia.

La mwisho, maana naona mkono unatetemeka: majivu. Fundi alinipa zawadi ya ndoo ya plastiki ya kuwekea majivu. Plastiki! Majivu yanaficha makaa hai siku mbili, tatu, hata nne. Nilikuwa naiweka barazani usiku, imeegemea mlango. Ilishayeyuka kitako upande mmoja, mke wangu akadhani watoto wameichezea.

Sasa nimemtumia fundi ujumbe mrefu na picha: ukuta, kilango, kona ya bomba, ndoo. Sijamtukana. Nimemwambia aje alifunge upya kwa gharama yake, na asimfungie mtu mwingine kile kilango kabla hajakitoboa. Amejibu kwa sauti, sekunde tisa, nimeisikiliza mara nyingi: "Bosi, mimi nimeshafunga majiko kama hilo zaidi ya arobaini, hakuna aliyelalamika."

Nikamwandikia: naomba namba zao wote, leo.

Ameona. Hajajibu mpaka sasa.