MJADALA: Karatasi ya meya, tuendelee kuiomba au tuachane nayo?

Mleta mada

Ndugu zangu wa jumuiya, habari za leo. Kuna jambo limetugawa kwenye kikao cha Jumapili na ningependa tulijadili wazi kabla mwezi wa saba haujafika.

Kwa wageni: katika miji mingi hapa Marekani, mkazi anaweza kumwomba meya atoe tangazo rasmi la siku, wiki au mwezi wa jambo fulani. Unajaza fomu wiki kadhaa kabla, na mara nyingi maneno unayaandika mwenyewe: "Kwa kuwa hivi, kwa kuwa vile," aya tano sita, kisha "Hivyo basi, mimi meya natangaza." Anasaini, muhuri unawekwa, linasomwa mwanzoni mwa kikao cha madiwani, mnapiga picha, mnarudi nyumbani. Halina nguvu ya sheria wala haliingizi hata dola moja kwenye bajeti.

Sasa wenzetu wanataka tuombe la tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ile ambayo UNESCO iliipitisha mwaka 2021. Mimi nimekataa, na sababu yangu ni hii.

Septemba iliyopita tuliomba la selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, maana Septemba ndiyo mwezi wake hapa. Ile karatasi niliipokea mimi. Nzito, ina ukingo wa dhahabu, tukaitia kwenye fremu. Wiki tatu baadaye nilimsindikiza mama mmoja wa kwetu hospitali usiku. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa amebanwa na maumivu ya selimundu, amejikunja kwenye kiti, ameuma mkono wa sweta asilie. Mama anajieleza kwa Kiswahili dirishani, wa mapokezi anamwonyesha kwa kidole akakae. Tulikaa saa nne. Mkalimani hakuitwa. Nikafasiri mimi, ambaye majina ya viungo vya ndani kwa Kiingereza siyajui hata nusu. Na sheria za nchi hii zinataka hospitali inayopokea fedha za serikali kuu imtafutie mgonjwa mkalimani bila malipo.

Ni mji ule ule, na mwezi wa selimundu ulikuwa haujaisha. Mkono mtupu haulambwi, ndugu zangu. Kwa nini tuendelee kushukuru?

Muuguzi

Kaka, pole sana kwa usiku ule. Najua wanavyoumia, nawahudumia.

Ila nina neno. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa selimundu mara tu wanapozaliwa. Tangu 2006 majimbo yote yanafanya hivyo. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akaja hapa na miaka sita hajapita kwenye mlango huo. Mama yake anaambiwa "mtoto dhaifu", wengine bado wanasema amerogwa. Ile karatasi yenu niliitoa nakala nikaipeleka kanisani kwetu. Kwa miaka miwili mchungaji alikuwa akiniambia mambo ya damu si ya kanisa. Alipouona muhuri wa jiji akanipa dakika kumi baada ya ibada. Wanawake wanne walinifuata nje kuuliza watoto wapimwe wapi.

Halafu kuna damu yenyewe. Wagonjwa hawa wengi huongezewa damu mara kwa mara, na mara nyingi inayowafaa zaidi hutoka kwa watu wenye asili ya Afrika kama sisi. Sisi ndio tunaoogopa sindano. Kwa hiyo mimi siiti karatasi tupu. Naona hatukuitembeza vya kutosha.

Kijana wa chuo

Shikamooni wakubwa. Mimi niko na mleta mada. Hata Bunge lao lilichoka: kuna miaka ambapo sehemu kubwa ya sheria zilizopita ilikuwa ya kutangaza siku na wiki za hili na lile, hadi Januari 1995 Baraza la Wawakilishi likaweka kanuni ya kuzuia miswada ya aina hiyo. Tazameni mwezi wa sita peke yake. Tarehe 19 ni Juneteenth, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa hapa Marekani, na siku hiyo hiyo ni Siku ya Selimundu Duniani. Kesho yake ni Siku ya Wakimbizi. Diwani anasikiliza karatasi ya ngapi jioni hiyo?

Mzee wa Uvira

Marahaba mwanangu. Umesoma vizuri, ila usiharakishe.

Mwaka 1926 mwanahistoria Mweusi, Carter G. Woodson, alianzisha wiki moja tu ya historia ya watu Weusi, mwezi wa pili. Hakuwa na serikali nyuma yake. Walimu waliishika, kisha mameya wa mji huu na mji ule wakawa wanaitolea matangazo kila mwaka, karatasi kama hizi unazozichoka. Mwaka 1976 rais wa nchi akautambua mwezi mzima. Miaka hamsini! Na mji wa Berkeley, California, walipoiita siku ya Columbus siku ya wenyeji wa asili mwaka 1992, ulikuwa uamuzi wa mji mmoja. Tamko la rais kwa wenyeji hao lilikuja 2021.

Mimi nimefika hapa nikiwa na miaka 61. Siku meya aliposoma neno "Kiswahili" mbele ya watu, akalikosea, akalirudia mpaka likakaa, nilisimama. Nisingependa mjukuu wangu anyimwe hilo.

Mama wa duka la vitenge

Nawauliza mnaotaka kuomba: tukinyimwa je? Boston walipandisha bendera za vikundi mbalimbali kwenye mlingoti wa jiji mara 284 bila kumkatalia mtu, kisha 2017 wakakataa moja ya Kikristo. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na 2022 majaji wote tisa wakasema jiji limekosea, kwa kuwa lilikuwa limeacha mlingoti wazi kwa kila mtu. Karatasi ya meya si mlingoti. Ni sauti yake mwenyewe, anampa amtakaye. Meya wa leo anatupenda. Wa kesho?

Mleta mada

Mama, hilo la kesho ndilo linanifanya nitake kitu kinachobaki baada ya meya kuondoka.

Muuguzi, wale wanawake wanne wamenitoa kwenye msimamo wangu wa mwanzo. Nakubali tuombe. Mzee, shikamoo, nawe nimekuelewa. Lakini sikubali tuandike aya sita za kujisifia lugha yetu na kuishia kwenye picha. Maneno tunayaandika sisi, basi aya ya mwisho isomeke hivi: "Hivyo basi, natangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili, na naziomba hospitali na zahanati za mji huu ziweke dirishani tangazo la Kiswahili linalomweleza mgonjwa haki yake ya kupata mkalimani bila malipo."

Ofisi ya meya ikiifuta aya hiyo, mimi siendi kupiga picha.

Kijana wa chuo

Bado sijashawishika kuhusu karatasi. Hilo tangazo la dirishani ningelibandika hata bila meya.

Muuguzi

Basi njoo Jumamosi tulichape. Kaka, kwenye sentensi yako ongeza "na zahanati za meno". Huko nako watu wanang'olewa meno bila kuelewa walichosaini.