Ukoo wa Nyahururu: wimbo wa George Jones

Mjomba Mwangi: Nimewatumia wimbo wa George Jones, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, He Stopped Loving Her Today. Usikilizeni kwanza, ndipo tuongee habari ya Dan.

Mama Dan: Mwangi, mtoto karudi rihabu mara ya pili. Ng'ombe tumeshauza. Wimbo utanisaidia nini?

Mjomba Mwangi: Dada, huyo aliyeuimba alikunywa kumshinda Dan. Kazaliwa Texas 1931. Baba yake alikuwa akirudi usiku amelewa, anamwamsha mtoto aimbe, asipoimba anachapwa. Naye alipokua pombe ikamshika. Kuna siku mkewe alimficha funguo za magari yote, akapanda mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, akaiendesha barabarani mpaka duka la pombe.

Njeri: Woi 😳

Baba Njeri: Watu wanalipa tiketi, ukumbi unajaa, yeye haonekani. Tammy Wynette mwenyewe, mkewe na nyota wa kantri, alishindwa naye. Waliachana 1975.

Mjomba Mwangi: Huo wimbo ulitoka 1980, pombe na kokeini zimemmaliza. Alisema ni wa huzuni mno, hakuna atakayeununua. Ukashika namba moja. Na bado hakuacha!

Mama Dan: Aliacha lini sasa?

Mjomba Mwangi: 1983 alimwoa Nancy, na huyo ndiye aliyemvuta kutoka kwenye kokeini. Pombe ilikuwa inaenda na kurudi. Machi 1999 akagonga daraja karibu na kwake, Tennessee, chupa ya vodka iko garini. Alikuwa na miaka 67, nusura afe. Tangu hapo hakugusa pombe wala sigara mpaka alipofariki 2013.

Njeri: Yaani Nancy alivumilia miaka 16 kabla ya hiyo ajali?

Mjomba Mwangi: 16.

Mama Dan: Mimi hiyo nguvu sina. Dan aliuza hadi sufuria kubwa ya mama, ile ya kupikia harusi na matanga. Niliikuta sokoni mtu anaipimia maharagwe. Nimechoka, Mwangi.

Baba Njeri: Pole sana, Mama Dan. Ada ya mwezi ujao usiiwaze, nalipa mimi.

Njeri: Shangazi, usibebe hii peke yako. Tuko.

Mjomba Mwangi: Jumamosi ni siku ya kuwaona. Mimi naenda.

Mama Dan: Mpelekee sweta ya bluu, huko kuna baridi. Mwambie nitakuja, lakini si wiki hii.

Njeri: Sweta nitapitia Ijumaa jioni.