Corona iliondoka, daftari la mapokezi linaendelea kwa sheria ipi?

Wanabodi,

Kuna jengo moja la ofisi maeneo ya Posta, Dar es Salaam, ambalo hadi leo mgeni haingii kabla ya kuandika jina, namba ya simu, anakotoka na joto la mwili, katika daftari lililoanzishwa mwaka 2020 kwa maelezo kwamba akipatikana mgonjwa wa Corona, waliokutana naye watafutwe. Kipimajoto kiliharibika zamani, ila mlinzi bado anamjazia kila mtu 36.5, na daftari linakaa wazi mezani, namba zetu zikisomwa na yeyote anayesubiri lifti. Sasa wameongeza kishikwambi: unapigwa picha ya uso na unatoa namba ya NIDA, la sivyo unarudi ulikotoka.

Nilipouliza taarifa hizo zinatunzwa wapi na zitafutwa lini, niliambiwa huo ni utaratibu. Utaratibu wa nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi, zisizidi zinazohitajika, na zisitunzwe baada ya lengo kwisha; tena za afya na za kibayometria imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Tatizo ni kwamba ilianza kutumika Mei 1, 2023, na siku nne baadaye WHO ikatangaza kuwa Corona si dharura ya kimataifa tena. Maana yake karibu dharura yote tuliipitia tukiwa na Ibara ya 16 ya Katiba tu, inayotaja faragha kwa ujumla, na waliokusanya wakati huo wanajifanya sheria haiwahusu, ingawa wanaendelea kukusanya leo.

Anayeona haya ni makelele atazame Singapore. Serikali iliwaahidi watu kwamba taarifa za TraceTogether, mfumo wake wa kidijitali wa kutambua waliokutana na mgonjwa wa Corona, ni za kufuatilia maambukizi tu, kisha Januari 2021 ikakiri bungeni kwamba polisi wanaweza kuzitumia katika upelelezi. Wao angalau walitunga sheria ya kuweka mipaka mwezi uliofuata. Sisi homa ya virusi vya Marburg imeshatokea Kagera mara mbili, 2023 na 2025, na sijaona kanuni inayomlazimisha mwenye jengo kuteketeza daftari baada ya mlipuko.

Nataka kupeleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wanasheria mliomo humu, picha ya ukurasa wa daftari inafaa kuwa ushahidi, au kwa kuipiga nitakuwa nimesambaza namba za wenzangu?