Nyumba ni ya baba mukwe, bwana yangu anapenda ibakie vile, miye nataka mwangaza. Munishauri

MamaPacha_Lshi

Jambo bayaya na bandugu. Naandika kirefu, munivumilie. Tuko Lubumbashi, Bel-Air. Mwaka jana baba mukwe alifariki, siye tukahamia mu nyumba yake, mama mukwe angali humu na siye, ana chumba yake. Nyumba ni ya matofali ya zamani, nguvu kabisa, lakini ndani inabakia sawa vile iliachwaka miaka ya 70. Pavema (chini penye kukanyaga) ni ile sima nyekundu ya kupiga sira (nta ya kung'arisha). Kuta za saloni zina rangi ya mafuta ya kijani mupaka katikati, juu ni kremu yenye ilisha kugeuka njano. Plafo (dari) ni mabamba ya kijivu. Kuko bufe moja ya mbao nyeusi inashika ukuta muzima, juu yake mukuba (shaba) ya kugonga, tembo tatu na mitende, na pembeni tablo ya mamba muntu (mwanamuke mwenye mukia ya samaki). Rido (pazia) nzito. Saa kumi ya mangaribi unawasha ampuli, sababu hauone sindano.

Miye nilikomalia mu nyumba ya mwangaza. Nataka kuta nyeupe, karo (vigae) ya kijivu zile za santimetre 60 kwa 60, plafo ya jipsi na taa ndogo ndogo ndani, fotei (viti) za rangi ya mwepesi. Bwana yangu anasema "sawa" kila mara nikimuelezea, lakini nikisogeza kintu ananyamaza siku mbili. Mwezi uliopita nilitosha rido za saloni nikazifula, sikuzirudisha. Akatoka kazi, akasimama mu mulango, akauliza tu "rido iko wapi", akaenda kulala bila kukula. Hatukugombana. Njo ile inaniumiza, afazali tungegombana niseme yangu na yeye aseme yake.

Franga tuko nayo kidogo, dola 2 500 za likelemba (kuchanga franga kwa zamu). Naanzia wapi? Na namna gani ya kuchanganya bya zamani na bya sasa bila saloni kuwa sawa soko?

Yaya_wa_Katuba

Pole mudogo wangu. Kwa vile umesema mwaka jana, naona bwana yako angali analia baba yake. Bwana yangu aliachaka kofia ya baba yake kwa musumari ya mulango miaka mine, nilikuwa napangusa vumbi tu sikusema kitu, siku moja akaitosha yeye mwenyewe akaipeana kwa kaka yake.

Jioni moja, batoto bakilala, mutembee naye chumba kwa chumba. Kila kintu umuulize: hii ilitoka wapi, nani alileta, siku gani. Ile siku usitaje rangi yako hata moja, sikiliza tu. Utashangaa, bintu bingine hata yeye habipendi, biko pale juu hakuna mwenye aliitosha.

fundi_rangi243

Mama Pacha, miye ni fundi ya rangi na karo hapa Lubumbashi, miaka 17 sasa. Mambo ya ndoa niachie bengine, nazungumza kazi, na tafazali soma yote mbele ya kuita mutu na nyundo.

Ya kwanza na ya maana kupita zote ni plafo. Yale mabamba ya kijivu ya zamani, mengi yalitengenezwaka na amianti (asbesto) ndani. Yakiwa mazima hayafanye kitu. Ukivunja, ukitoboa, ukikwangua, inatoka vumbi yenye mutu hawezi kuiona, ikiingia mu mapafu inaweza kuleta kansa miaka mingi kisha. Nimeona bafundi bakiyashusha na mikono, bila kufunika pua, batoto bakicheza chini, inaniuma roho. Kama hayana nyufa, yapakale rangi nyeupe ya maji bila kukwangua, saloni itafunguka. Ukitaka jipsi kwa nguvu, fremu ishikwe kwa kuta, ipite chini ya ile plafo bila kuigusa.

Ya pili, rangi ya mafuta kwa ukuta. Rangi ya maji haishike juu yake, mu miezi mitatu inaruka sawa ngozi ya nyoka. Osha na soda ya kufulia, kwaruza, pakala koti ya chini ya kushikisha, njo upakale rangi yako mara mbili. Na juu rangi za miaka ile zilikuwaka mara mingi na risasi, usikwaruze kavu hata kidogo, lowesha ukuta na maji, batoto balale kwa bibi yabo zile siku, na ile uchafu ukusanye usiifagie nje mu lupango (kiwanja ya nyumba).

Ya tatu, pavema. Gundi ya karo haishike juu ya sira. Kwa nyumba yenye ilipigwa sira miaka 40, inaomba kuichonga yote kwanza, hapo dola zako 2 500 zinaisha na saloni haijafika nusu. Miye ningeacha ile sima. Osha sira ya zamani itoke yote, ziba nyufa, piga sira mupya. Ulaya leo batu banalipa franga mingi kabisa bapate sima ya kung'aa namna ile. Na karo mu mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu ni baridi ya kuua miguu, mama mukwe atakushukuru.

Waya za umeme nazo ziangaliwe mbele ya rangi. Nyumba za vile mara mingi hazina waya ya udongo (ya kupeleka chini umeme wenye kutoroka). Ukipakala kwanza, fundi ya umeme atakuja kukutobolea ukuta mupya.

Fanya kazi mu kiangazi, mwezi wa 5 mupaka wa 9. Vumbi iko, ndiyo, mwanga maji mu lupango asubuhi, lakini ukuta unakauka. Penye mutapiga sima mupya mungojee wiki 4 mbele ya kupakala.

mwana_wa_Kadutu

Niko Bukavu, niseme upande wa bwana. Miye nilisafiri wiki tatu, nikarudi nikakuta bibi yangu alibadirisha nyumba yote, kiti ya mzee wangu aliisha kuipeana kwa sentineli (mulinzi). Alifanya kwa mapendo, nilijua, alitaka kunifurahisha. Lakini nilikaa kwa ile fotei mupya nikasikia niko mugeni mu nyumba yenye nilizaliwa. Mpaka leo hatukuipata ile kiti. Dada, usifanye kitu wakati hayuko, hata kama alisema "sawa". Ile "sawa" ya mwanaume mwenye kufiwa haina maana ya ndiyo.

Nono_K

@mwana_wa_Kadutu nakusikia, lakini na yeye Mama Pacha je? Analala, anapika, analea pacha mu saloni ya mama mukwe, hana hata ukuta moja wenye anaweza kusema ni wangu. Hiyo pia inachosha. Ndugu yangu, omba chumba moja iwe yako kabisa, chumba yenu ya kulala, nyeupe vile unataka. Ukipata pa kupumua hautapigania tena kila rido.

Na ampuli! Batu banasahau. Angalia kwa boksi: 6500 K (kelvin, kipimo ya rangi ya mwangaza) ni ile nyeupe ya kupiga macho, juu ya kuta nyeupe saloni inakuwa sawa hospitali. Tafuta 3000 K, iko ya njano ya moto, na ile mukuba itawaka jioni utapenda.

Goma_Himbi

Samahani naingiza jambo la sheria. Nyumba ni ya marehemu, na mumeo bila shaka ana ndugu. Kwa Kodi ya Familia (sheria ya familia ya Kongo) ya 1987 watoto wote wako kundi la kwanza la warithi, na mjane ana haki ya kubakia kutumia nyumba aliyoishi na mumewe, pamoja na vyombo vyake. Kwa hiyo ile bufe, kabla haijasogezwa, muulize mama. Na kabla hamjaweka dola 2 500 ndani ya kuta, ndugu wakae, waandike nani anakaa humo na gharama zitahesabiwa namna gani. Kwetu huku tuliacha kuandika, sasa shangazi zangu wawili hawasalimiane.

Yaya_wa_Katuba

Goma_Himbi amesema kweli. Na ile mamba muntu musiitupe mubarazani. Miaka ya 70 saloni mingi za huku zilikuwaka nayo, leo makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji inaweka tablo za namna ile. Mukuba nayo, kama haina vernisi, sugua na ndimu na chumvi, osha, kausha palepale.

MamaPacha_Lshi

Bandugu, nimerudi kisha wiki mbili. Asanteni, nilisoma na mama mukwe pembeni, nilimusomea kwa sauti.

Tulifanya ile ya kutembea chumba kwa chumba. Tulianza saa mbili ya usiku tukamaliza karibu saa sita. Bufe, bwana yangu haipendi! Aliniambia tangu mutoto inamuogopesha, iko pale juu ni mama aliichagua. Mama naye akasema aliichagua juu baba alipenda kubwa. Yeye mwenyewe ameomba iende ku chumba yake, fundi ya mbao ataikata mara mbili.

Ile yenye hakutaka kabisa ni pavema. Siku ya posho (jumamosi) asubuhi, kisha mama kupiga sira, baba alikuwa anabaweka juu ya bitambaa bya zamani, yeye na bandugu bake bane, anabavuta mu saloni yote ili ing'are. Alinieleza akicheka, kisha akashindwa kuendelea. Niliona haya sana juu ya zile karo zangu, sikujua. Pavema inabaki. Kesho yake nilikuta pacha banavutana na taulo.

Rido nzito zimeenda, yeye mwenyewe alisema. Kwa ukuta tumepakala bipande bitatu bya metre moja moja, tunabiangalia asubuhi na usiku na ampuli ya 3000. Nyeupe yangu kabisa kabisa alikataa, tuko kati ya nyeupe ya maziwa na moja inaelekea mchanga. Tembo zinabaki, miye nilizisugua na ndimu, sikujua zina rangi ile ndani. Bandugu bake tunabapikia bukari (ugali) siku ya mungu (jumapili) tuongee na tuandike.

Fundi, swali moja: plafo haina nyufa isipokuwa bamba moja kwa kona, lilipasuka kidogo. Na ile soda nipime namna gani kwa kuta?

fundi_rangi243

Ile bamba musiiguse na musiifagie chini yake na ufagio kavu, pangusa na kitambaa chenye maji, ukitupe mu sashe ya kufunga. Nitumie foto. Soda, bakuli ndogo moja mu ndoo ya lita 10 ya maji ya moto, vaa glavu, suuza na maji safi mara mbili, ngojea ukuta ukauke siku mbili.